Mafuta ya Karafuu na Ukungu wa Viazi: Tangazo Tulilolisoma Msikitini

Ndugu wasomaji, safu ya wiki hii tunaianza kwa kukiri kosa. Ijumaa moja ya mwezi Januari, baada ya swala, tulisimama mbele ya kipaza sauti cha msikiti wetu hapa Msasani (tunakusudia Msasani ya Tukuyu, wilayani Rungwe, yenye migomba na mvua, wala si ile ya Dar es Salaam yenye ufukwe) tukawatangazia waumini kwamba nje ya mlango yupo kijana mwenye dawa ya ukungu wa viazi na nyanya. Dawa hiyo, tukasema, imetengenezwa kwa mafuta ya karafuu na mchaichai, ni ya asili kabisa, haina sumu wala madhara. Maneno hayo ya mwisho hatukuyatunga sisi. Yalikuwa yameandikwa kwenye kikaratasi tulichokabidhiwa. Lakini sauti iliyoyasoma ilikuwa yetu, na kipaza sauti kilikuwa cha msikiti. Chupa zilikwisha kabla ya watu kumaliza kuvaa viatu.

Asiyeifahamu Rungwe huenda akashangaa kwa nini watu walizigombania. Mji wa Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na upande wa juu kuelekea Isongole, ambako viazi mviringo hulimwa kwa wingi, kuna asubuhi ambazo jua halionekani mpaka saa nne. Kiswahili chetu kimeyaita mambo mawili kwa jina moja: ukungu ni lile wingu linalotanda juu ya matuta, na ukungu ni yale maradhi yanayoingia shambani pamoja nalo. Mkulima wa huku hahitaji kufafanuliwa kwa nini jina ni moja.

Maradhi hayo wataalamu huyaita baka jani chelewa. Huanza kwa doa lenye majimaji pembeni mwa jani, doa likageuka kahawia, na asubuhi ya unyevu ukiligeuza jani utaona utando mweupe kama vumbi la unga. Hali ya hewa ikiyaafiki, shamba lote huweza kuteketea ndani ya wiki moja au mbili, na viazi vilivyo ardhini vikaoza vikingali vidogo. Ni maradhi yale yale yaliyoiangamiza Ireland kuanzia mwaka 1845, wakafa watu wapatao milioni moja kwa njaa na magonjwa yaliyofuatana nayo. Wasomaji wetu wapendao historia watafurahi kujua kwamba mwaka 1847 Sultani Abdulmecid wa Istanbul alipeleka huko msaada wa pauni 1,000, nchi asiyopata kuikanyaga wala kuwa na dini moja na watu wake.

Kinga inayotumika zaidi kwetu ni dawa ya unga yenye kiini kiitwacho mankozebu. Kiini hicho hukaa juu ya jani na kuzuia mbegu za maradhi zisiote. Mvua ikikiosha, mkulima hurudia. Katika miezi ya mvua nyingi wapo wanaopiga bomba kila wiki. Kila mwenye kwenda sokoni amekwisha kuona nyanya zilizobaki na alama nyeupe za dawa, na wapo wauzaji wanaoziacha hivyo kwa makusudi, kwa kuwa wanunuzi wengine huziona kuwa ni nyanya zisizooza upesi. Desemba 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuidhinisha mankozebu kwa sababu ya hofu ya madhara yake katika uzazi na homoni za binadamu. Kwetu ingali inauzwa, na mtu anayeitumia kwa kufuata maelekezo, akavaa mavazi ya kujikinga na akasubiri siku zilizoandikwa kwenye pakiti kabla ya kuvuna, hatumwiti mkosaji. Tunachosema ni kwamba tumemwona mama akipiga bomba huku mwanawe amebebwa na dada yake hatua tatu kutoka hapo, upande ule ule unakoelekea upepo. Akina mama waliokimbilia chupa za yule kijana walikuwa na sababu.

Miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja, mjane, ambaye viazi ndivyo vinavyomsomeshea wajukuu. Alinunua chupa mbili. Wiki tatu baadaye alitujia nyumbani, akaketi kwenye kigoda, akakataa chai, kisha akasema kwa upole uliotuumiza kuliko kama angefoka: “Mwanangu katibu, ile dawa uliyotutangazia imeniunguzia matuta mawili, na yaliyobaki imeyaacha yaoze.”

Tulidhani anachanganya. Dawa itaunguzaje matuta mawili na kuyaacha mengine kana kwamba haikuyagusa? Tulikwenda pamoja naye hadi shambani, tukiongozana na afisa ugani wa kata, dada mmoja mpole asiyependa maneno mengi. Hali ilikuwa kama bibi alivyoieleza. Matuta ya mwanzo na ya kati yalikuwa yamekwisha kwa baka. Mawili ya mwisho, karibu na mgomba, majani yake yalikuwa yamekauka kingo na kukunjamana kama yaliyopitiwa na moto.

Dada yule aliuliza swali moja tu: mlichanganyaje? Bibi akajibu kuwa mjukuu wake alimimina dawa ndani ya bomba la lita 15 lenye maji, akatikisa, akaanza kupiga. Basi dada akatuomba glasi ya maji na kijiko cha mafuta ya kupikia. Akamimina, akakoroga, akaiweka glasi juu ya jiwe. Hatukusubiri hata dakika tano, mafuta yote yakawa juu. “Ustadhi,” akatuambia, “mafuta na maji vimepatana lini?” Kwa hiyo matuta mengi yalipigwa maji matupu, na yale mawili yakapokea mafuta yenyewe. Karafuu ikiwa kali kiasi hicho huunguza jani lolote. Katika nchi nyingine mafuta ya karafuu huuzwa kama dawa ya kuua magugu.

Tulirudi nyumbani kimya. Siku hiyo ndipo tulipokwenda kuyatazama mambo yetu wenyewe, ambayo mpaka hapo hatukuwa tumemweleza mtu.

Msikiti wetu una kipande cha shamba la wakfu upande wa Isongole, alichokiacha mzee mmoja aliyetangulia mbele ya haki, na mapato yake hununua mikeka na taa za madrasa. Kamati ilikuwa imeweka gunia moja la viazi vya mbegu kwa ajili ya msimu uliofuata. Kwa kuogopa kuoza, sisi wenyewe, kwa mkono wetu, tulivichovya katika maji ya sabuni yenye mafuta yale yale ya karafuu, tukavianika, tukavipanga stoo. Sabuni tuliitia kwa bahati, kwa kuwa tulitaka kuviosha kwanza. Havikuoza, hilo tunalishuhudia. Lakini havikuchipua. Macho yake yaligeuka meusi, wiki zikapita, na gunia zima likaishia kuwa chakula cha ng’ombe.

Tulipokuja kusoma ndipo tukaelewa kuwa hatukupatwa na ajabu yoyote. Huko Ulaya, baada ya dawa ya zamani ya kuzuia viazi kuchipua ghalani kuondolewa mwaka 2020, mafuta ya mnanaa ni miongoni mwa vitu vilivyoshika nafasi yake, na ya karafuu pia yamekuwa yakitumika kwa kazi hiyo. Mvuke wake huunguza vichipukizi vichanga. Kwa anayehifadhi viazi vya kula ni neema. Sisi tuliyatia kwenye mbegu.

Baada ya hasara mbili namna hiyo ingekuwa rahisi kuandika kwamba habari zote za mafuta ya mimea ni uzushi, tukaimaliza safu. Ukweli hauko hivyo, na kwa sababu hiyo tumeona maelezo haya yanahitaji nafasi.

Mafuta tunayoyazungumzia si kama ya alizeti au ya nazi. Ni mafuta ya mnukio, yaliyomo ndani ya majani, maua au magome ya mimea yenye harufu kali, na hutolewa kwa kupitisha mvuke wa maji ya moto katika mmea, kisha kuupoza mvuke huo mpaka mafuta yajitenge. Ufundi huu una historia ndefu katika ulimwengu wa Kiislamu: al-Kindi aliandika kitabu kizima juu ya manukato na namna ya kuyatoa kwa mvuke, huko Iraki katika karne ya 9. Karibu nasi zaidi, kiwandani Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, makonyo ya karafuu ambayo zamani mtu angeyatupa hutolewa mafuta na kuuzwa nje.

Kilichomo ndani ya mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni kiini kiitwacho eugenoli, ndicho kinachokupa ganzi ukiitafuna karafuu kwa ajili ya jino. Katika mchaichai kiko kingine, sitrali, na katika thaimu, jamii ya zaatari, kipo thaimoli. Mmea haukuumbiwa harufu kwa ajili ya pilau peke yake. Ni silaha yake dhidi ya wadudu na kuvu. Viini hivi hupenya katika utando wa mafuta unaoizunguka chembe hai ya kuvu, utando ukalegea na kuvuja, kuvu akafa au akashindwa kuota. Hayo yamethibitishwa mara nyingi katika maabara, dhidi ya kuvu wa aina nyingi. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya, ule ule ulioikataa mankozebu, uliidhinisha eugenoli, thaimoli na jeranioli kuwa viini vya dawa ya kuvu, na dawa yenye viini vyote vitatu hutumika katika mashamba ya mizabibu dhidi ya kuvu wa kijivu. Kwa sisi watu wa ndizi, lililo karibu zaidi ni hili: mafuta ya mti wa Australia uitwao Melaleuca alternifolia yametengenezewa dawa inayotumika katika mashamba ya migomba ya Amerika ya Kusini na ya Kati, dhidi ya sigatoka nyeusi, yale madoa meusi yanayokausha jani la mgomba. Na huko Pretoria, Afrika Kusini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Tshwane wameonyesha kuwa mvuke wa mafuta ya thaimu hupunguza uozo wa maparachichi baada ya kuvunwa. Katika wilaya yenye maparachichi mengi kama yetu, habari hiyo inastahili kusikilizwa.

Basi kwa nini yamefaa huko na yakashindwa kwa bibi?

Sababu ya kwanza tumekwisha kuieleza, nayo ni glasi ya maji. Ya pili ni harufu yenyewe. Kitu kinachonukia ni kitu kinachoruka. Kila unaponusa karafuu, sehemu ya dawa inaondoka kwenye jani na kwenda zake. Majaribio mengi ya maabara hufanywa katika kisahani cha kioo chenye kifuniko, mvuke ukabaki humo humo na kuvu akakosa pa kukimbilia. Kule Isongole hakuna kifuniko. Kuna upepo, na baada ya upepo kuna mvua. Wale waliotengeneza dawa ya zabibu walilijua hilo, na hawakuyatia mafuta kwenye maji wakatikisa: waliyafungia ndani ya maganda madogo sana ya chembe za hamira, ili yatoke kidogo kidogo. Hiyo ni kazi ya kiwanda. Si ya sufuria.

Sababu ya tatu ni wakati. Baka likishaingia ndani ya jani, kitu kinachokaa juu ya jani hakilifikii. Bibi alianza kupiga alipoona madoa, kama tufanyavyo wengi wetu. Tunatafuta dawa baada ya ugonjwa kuonekana. Tena kiumbe anayeleta baka, ingawa kwa sura ni kama kuvu, kwa nasaba yuko karibu zaidi na mwani wa majini kuliko kuvu wa mkate, na hata dawa za dukani zinazomaliza kuvu wengine si zote zinazomweza.

Ya nne ni hesabu, na hii ndiyo iliyotufumbua macho kuliko zote. Eka moja ya viazi iliyokwisha kuwa na majani mengi huhitaji kama lita 200 za maji ya dawa kwa kupiga mara moja. Tukikadiria mafuta kuwa nusu ya asilimia moja, hiyo ni lita moja nzima ya mafuta halisi. Kilo 100 za mchaichai mbichi kwa kawaida hutoa kati ya robo na nusu kilo ya mafuta, na wakati mwingine pungufu ya hapo. Maana yake ni kilo 200 hadi 400 au zaidi za majani kwa kupiga bomba mara moja, eka moja, na wiki ijayo uanze tena. Chupa iliyouzwa mlangoni kwetu ilikuwa ndogo kuliko ya dawa ya kikohozi.

Tulimtafuta yule kijana. Hakuwa amekimbia, na wala hakuwa tapeli kama wengine katika kamati walivyotaka tuamini. Alitueleza waziwazi: alichemsha mchaichai katika sufuria yenye kifuniko, akakusanya maji yenye harufu yaliyodondoka, akayachanganya na mafuta ya karafuu aliyoyanunua mjini. Yale maji ya harufu aliyadhani kuwa ndiyo mafuta. Alikuwa ameipiga dawa yake kwenye michicha ya mama yake wakati wa kiangazi, haikupata ukungu, akaamini. Mchicha wa kiangazi usiopata ukungu! Hatukumcheka, maana sisi tuliotangaza hatukufanya hata hilo jaribio la mchicha.

Pamoja naye na wanafunzi wa madrasa tulifanya jambo dogo ambalo kila nyumba inaweza kulifanya. Tulichukua chupa mbili za kioo zenye vifuniko, kila moja tukaitia kipande cha mkate kilichonyunyizwa maji. Ndani ya kifuniko cha moja tulibandika pamba yenye matone machache ya mafuta ya karafuu, yasiuguse mkate. Ya pili tuliiacha hivi hivi. Siku ya tano mkate usio na karafuu ulikuwa na manyoya ya kijani na meusi. Wa karafuu ulikuwa safi, na ukakaa safi kwa siku nyingine kadhaa. Kisha tukafungua kifuniko, tukaiondoa pamba, tukauacha wazi. Haukupita muda nao ukaota. Watoto waliona wenyewe mambo yote mawili, nguvu ya dawa na mpaka wake.

Kwa hiyo maoni yetu, kwa sasa, ni kuwa mafuta haya yatafutiwe kazi mahali penye kifuniko: katika chombo kilichofungwa, ghalani, katika masanduku ya matunda. Hata huko yana masharti. Tulijaribu kuweka pamba ya karafuu katika ndoo ya mahindi ya nyumbani, na kwa muda wa wiki mbili familia yetu ikala ugali unaonukia pilau. Walitucheka sana. Wazee wetu waliokuwa wakichanganya majani makavu ya kivumbasi na nafaka kwa ajili ya wadudu walikuwa na busara ya kiasi kuliko sisi.

Nafaka ndiyo inayotutia hofu kubwa zaidi kuliko viazi, na tunaomba akina mama watusikilize hapa. Kuvu wa mahindi na karanga huacha sumu, sumukuvu, ambayo haionekani, na haiondoki kwa kuoshwa wala kwa mapishi ya kawaida. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliugua watu 317, wakafa 125. Mwaka 2016 hapa kwetu, Dodoma na Manyara zikiwa zimeathirika zaidi, walifariki watu wapatao 20. Mafuta ya karafuu au ya mchaichai huweza kumzuia kuvu huyo asiote. Hayawezi kuisafisha punje aliyokwisha kuitia sumu. Yeyote atakayewauzia mafuta ya “kusafishia” mahindi yaliyooza, mkataeni. Kinga ni kukausha juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 13 hivi. Asiye na kipimo atie punje kidogo katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, atikise kwa dakika chache, aache itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Yakikauka, yatiwe katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo wengi huiita mifuko ya kinga njaa. Huko Rungwe ya mvua kazi hii ni ngumu, tunajua, na jiko la moshi juu ya dari lililotumiwa na bibi zetu lilikuwa na sababu yake.

Na kwa viazi? Dada wa ugani alitupa ushauri usio na harufu yoyote: panda mbegu safi, aina inayostahimili baka kama Sherekea, achia nafasi upepo upite, inulia tuta udongo wa kutosha, ng’oa viazi vinavyojiotea vilivyosalia msimu uliopita, kwa sababu ndimo maradhi yanamolala, usipande viazi mahali pale pale kila msimu. Dawa ya dukani itumike kabla ya baka kuingia, kwa kipimo kilichoandikwa, na aliyevaa bomba aoge kabla ya kumshika mtoto. Wataalamu wa TARI Uyole, Mbeya, hawako mbali na sisi. Hatukuwauliza kabla ya Januari, tunakiri.

Limebaki neno “asili”. Kikaratasi kilisema dawa ya asili haina madhara, nasi tukakisoma. Mafuta ya karafuu yakimwingia mtoto mdogo tumboni, kiasi cha vijiko viwili tu vya chai kimewahi kuharibu ini. Mafuta ya mkaratusi huweza kumletea mtoto degedege kwa kiasi kidogo zaidi. Yakimwagika machoni huunguza. Nyumba zilizobaki na zile chupa, tafadhali zitoeni kwenye meza na madirisha ya chini. Nasi tunazipokea msikitini kila siku baada ya swala ya alasiri, bila kumuuliza mtu swali.

Kamati ilikutana mara mbili juu ya jambo hili. Kuhusu matangazo hakukuwa na ubishi: dawa ya mimea, ya mifugo au ya mwili haitatangazwa tena bila kuonyesha usajili wake, na viuatilifu vyote nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Ubishi ulikuwa juu ya fedha. Mzee wetu mweka hazina alishikilia kwamba hasara ni ya muuzaji na mnunuzi, msikiti haukuuza kitu. Wengine tulisema watu hawakumwamini kijana, hata jina lake hawakulijua. Waliamini kipaza sauti. Fedha ya wakfu haiwezi kuguswa kwa kosa letu, katika hilo sote tulikubaliana. Mwishowe wanakamati wanne tulitoa mifukoni mwetu, kijana akaongeza alichonacho, tukaanza kuwarudishia watu bei ya chupa. Mzee mweka hazina hakutoa, na hajabadili rai yake. Tunamheshimu, huenda siku moja tukakaa naye tukalizungumza tena.

Tulipompelekea bibi fedha zake alizitazama, akaturudishia. “Ndaga, mwanangu,” akasema, “lakini hizi nitazila kesho zitakwisha. Mimi nimepoteza mbegu.” Ikawa lazima tutafute mbegu, katika msimu ambao kila mwenye mbegu amezificha. Tulipata ndoo mbili kwa mkulima mmoja wa Isongole, safi, za shamba lisiloingia baka. Moja tumempa bibi. Nyingine imo stoo ya msikiti, imepangwa juu ya vichanja penye mwanga kidogo na hewa. Juzi tulipochungulia zilikuwa zimeanza kutoa macho, mafupi, ya zambarau. Hatukuzipaka kitu.